Ukuta umelowa, kabati limeota ukungu: nianzie wapi?

Swali: Naishi Bangwe, Kigoma, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule. Kiwanja kimechongwa kwenye mteremko, kwa hiyo nyuma ya nyumba kuna ukingo wa udongo karibu kimo cha mtu, hatua mbili tatu kutoka ukutani. Mvua zikianza Novemba, rangi ya ukuta wa nyuma hubanduka chini na kuacha unga mweupe. Kabati la watoto limeegemea ukuta wa chumba chetu chenye AC, na nguo na viatu vyao vinaota ukungu. AC ni ya BTU 18,000, chumba ni mita 3 kwa 4, na tunaiweka nyuzi 18. Asubuhi nyingine tunakuta dari la jipsamu lina madoa ya kahawia. Nimeweka mkaa na chumvi kabatini, sijaona nafuu. Je, ninunue mashine ya kufyonza unyevu?

Jibu:

Dada, mashine usinunue kwanza. Kwa maelezo yako, nyumba inapata maji kwa njia mbili tofauti, na mashine hiyo ina uwezo juu ya njia moja tu, tena ile unayoweza kuitibu bila gharama. Ukuta wa nyuma unalowa kwa maji ya ardhini yanayotoka kwenye ukingo. Kabati la watoto linalowa kwa mvuke wa hewani unaogeuka maji kwenye ukuta uliopozwa na AC yenu. Ukiiwasha mashine chumbani huku ukuta unanyonya maji ya mlima, utakuwa unalipia umeme wa kuukausha mlima.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha. Chukua vipande viwili vya nailoni angavu, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Kimoja kibandike kwenye ukuta wa nyuma, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, kingine nyuma ya kabati la watoto. Kwanza kwangua rangi inayobanduka ili gundi ishike, kisha bandika pande zote nne kwa selotepu pana pasibaki upenyo. Viache saa 24 hadi 48, na usiku wake AC iwashwe kama kawaida yenu. Matone yakionekana kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakionekana juu ya nailoni, upande unaotazama chumba, yametoka hewani. Natarajia vipande vyako vitatoa majibu tofauti, na hapo utaelewa kwa nini dawa moja haiwezi kutibu yote mawili.

Nunua pia kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kile kinachoonyesha joto na asilimia. Vingi hukosea kwa asilimia 5 au zaidi, kwa hiyo kipime chenyewe. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 8 hadi 12. Humo ndani hewa hutulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 69, jua kila siku unaongeza 6.

Asilimia peke yake haikuelezi yote

Watu wengi huona asubuhi ya mvua kipima cha nje kinasema asilimia 90, cha ndani 70, wakafunga madirisha ili "unyevu wa nje usiingie". Hesabu inakataa. Asilimia ni kiasi cha mvuke ukilinganisha na kile ambacho hewa ya joto lile inaweza kubeba, na hewa ya moto hubeba zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za maji, yenye nyuzi 27 karibu gramu 26, na yenye nyuzi 30 gramu 30. Hewa ya nje alfajiri, nyuzi 20 na asilimia 90, ina gramu 15.6 tu. Hewa ya chumba walimolala watu, nyuzi 27 na asilimia 75, ina gramu 19. Ukifungua dirisha, kila mita ya ujazo inayoingia inaisukuma nje nyingine iliyobeba karibu gramu 4 zaidi. Hewa ile inayoonekana nzito ya ukungu wa asubuhi ndiyo inayokausha nyumba.

Mtu mmoja aliyelala hutoa gramu 40 hadi 50 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho. Familia ya watu wanne, kwa saa nane, ni lita moja na nusu hivi. Ukizigawa hizo gramu 1,500 kwa zile gramu 4 ambazo kila mita ya ujazo inatoka nazo, unahitaji kama mita za ujazo 375 za hewa mpya usiku kucha, yaani chini ya 50 kwa saa kwa nyumba nzima. Hicho ni kiasi kidogo. Matundu ya hewa juu ya madirisha, yale ya zamani ambayo siku hizi mafundi huyaziba ili nyumba "ipendeze", yanatosha kabisa kama yapo pande mbili zinazotazamana. Kama yako yamezibwa, yafungue na uweke wavu wa mbu.

Ukungu wenyewe hausomi kipima chako cha ukutani. Unasoma hali ya pale ulipoota. Sehemu ya ukuta, ngozi ya kiatu au mbao ikikaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, ukungu unaota, hata kama katikati ya chumba ni 65. Ndiyo maana kona na nyuma ya kabati huathirika wakati chumba kinaonekana kikavu.

Kabati la watoto

Hapa kosa ni la AC, na ni rahisi kulirekebisha leo leo. Mnapoiweka nyuzi 18, ukuta unaotenganisha vyumba hushuka hadi nyuzi 20 au 21. Upande wa pili hewa ya chumba cha watoto ina gramu 19 kwa kila mita ya ujazo, na ukuta wa nyuzi 20 hauwezi kuvumilia zaidi ya 17. Zinazobaki zinageuka maji. Kabati lililobana ukuta linazuia hewa isipite pale, hivyo maji hayo hayakauki. Nguo zilizo karibu na ubao wa nyuma ndizo zinazoanza kunuka uvundo. Sivyo?

Pandisha AC hadi nyuzi 26. Ukuta ukiwa na nyuzi 26, mvuke ule ule unakuwa chini ya asilimia 80, na tatizo la upande wa pili linakatika. Ukiona nyuzi 26 ni joto, ongeza pangaboi kwa kasi ya chini. Upepo mwepesi mwilini huleta nafuu sawa na kushusha AC nyuzi mbili au tatu.

Kuna jambo jingine kuhusu AC hiyo: ni kubwa mno. BTU 18,000 ni ya chumba cha mita za mraba 25 hadi 30, chenu kina 12, na 9,000 ingetosha. AC kubwa hupoza haraka kisha kompresa, ile injini yake ya kupozea, inazimika. Maji hukusanyika kwenye mapezi ya ndani, yale mabati membamba yanayopoza hewa, nayo huhitaji dakika kadhaa za kompresa kufanya kazi mfululizo kabla ya kuanza kutiririka kwenye bomba. Kompresa ikizimika mapema huku feni inaendelea, maji yaliyoshikamana na mapezi hukauka na kurudi chumbani. Matokeo ni chumba baridi chenye unyevu, hali inayopendwa sana na ukungu. Huna haja ya kuibadilisha. Tumia mpangilio wenye alama ya tone la maji kwenye rimoti, unaopunguza kasi ya feni na kurefusha kazi ya kompresa. Feni usiiweke juu. Safisha vichujio kila baada ya wiki mbili au tatu msimu wa matumizi.

Kisha angalia bomba la maji ya AC linaishia wapi. AC ya ukubwa huo ikifanya kazi mfululizo siku ya unyevu hutoa lita moja au zaidi kwa saa. Nyumba nyingi bomba hilo huachwa linadondoka mguuni mwa ukuta, na mwenye nyumba hulaumu mvua. Lirefushe hadi mtaroni.

Sheria moja ya kukumbuka: chumba kisicho na AC hukaushwa kwa kufungua, na chumba chenye AC hukaushwa kwa kufunga. Kuwasha AC huku dirisha la alumini limeachwa wazi kidogo "hewa ipite" ni kuvuta mvuke wa nje moja kwa moja kwenye kuta za baridi. Chagueni moja kwa kila chumba kwa kila saa.

Kabati lenyewe lisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani, liinuliwe kwa miguu au matofali mawili, na litobolewe mashimo mawili ya inchi 2 nyuma, moja chini, moja juu. Nguo ziingie zikiwa kavu kweli. Msimu wa mvua kitenge huonekana kikavu huku mishono na mifuko bado mibichi. Na nguo zilizofuliwa zisianikwe ndani: kilo 5 za pamba zilizokamuliwa kwa mkono bado zina lita 3 hadi 5 za maji, zaidi ya pumzi za familia nzima kwa usiku mzima. Kamba ifungwe kibarazani chini ya bati.

Ukuta wa nyuma

Hapa ndipo fedha yako itumike. Unga mweupe ni chumvi zilizokuwa kwenye udongo na matofali. Maji huzibeba hadi usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki, inavimba na kusukuma rangi na lipu. Ukiona unga, maji yanapita ndani ya ukuta. Mvuke wa hewani hauleti unga.

Lakini maji ya ardhini yana vyanzo zaidi ya kimoja. Angalia alama mwezi wa Agosti. Kama ukuta bado umelowa wakati Kigoma haijapata mvua ya maana tangu Mei, shuku bomba linalovuja au shimo la choo lililo juu ya mteremko, lako au la jirani. Kwa bomba, funga koki zote usiku, soma mita ya maji, soma tena baada ya saa mbili. Ikisogea, tafuta uvujaji kwanza. Kama ukuta unakauka kiangazi na kulowa tena Novemba, ni maji ya mvua yanayoshuka mteremkoni, na nadhani ndivyo ilivyo kwako.

Anza na bati. Upande wa paa wenye mita 8 kwa 5, mvua ya milimita 30 inapopiga, unamwaga lita 1,200. Kama upande wa nyuma hauna gata, maji yote hayo yanaanguka kwenye kichochoro kati ya ukuta na ukingo, mahali pasipo na jua wala pa kutokea. Funga gata yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita 2 au 3, ishushe kwa bomba, na maji yapelekwe kwenye tangi au mbele ya nyumba. Hii unaweza kuifanya hata mvua zikiwa zinaendelea, na mara nyingi hupunguza nusu ya tatizo.

Pili, mtaro wa juu ya ukingo. Upana sentimita 30, kina 30, umbali usiopungua mita moja kutoka ukingoni, usakafiwe kwa saruji, ushuke pembeni kuzunguka nyumba. Kazi yake ni kuyakamata maji ya mteremko kabla hayajafika kwako. Usiachie mdomo wake uani kwa jirani. Panda nyasi za vetiva kwenye mistari inayokata mteremko, mche kwa mche sentimita 10 hadi 15, mizizi yake itashika udongo. Ukingo wenyewe usiuchonge zaidi, na kama unazidi mita moja na nusu au unaonyesha nyufa, mwite mhandisi kabla ya kuchimba chochote chini yake.

Tatu, mtaro wa kokoto wa chini, kati ya ukingo na nyumba. Hii ni kazi ya Juni hadi Septemba, kamwe si ya masika. Chimba mita moja kutoka ukutani, upana sentimita 40, kina kishuke angalau sentimita 30 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, ila kisipite chini ya kitako cha msingi. Mafundi wengi hukosea hapo: wanachimba karibu na chini mno, udongo unaobeba msingi unalegea, na mwaka unaofuata nyumba ina ufa. Chimba vipande vya mita 3, jaza, ndipo uendelee. Sakafu ya mtaro ishuke sentimita moja kwa kila mita kuelekea upande wa kutokea. Pima kwa kamba na maji, usikisie kwa macho. Tandika kitambaa cha kuchujia kinachopitisha maji, mimina sentimita 5 za kokoto, laza bomba la plastiki la inchi 4 lililotobolewa mashimo ya milimita 8 hadi 10, mashimo yakitazama chini. Funika kwa kokoto za nusu inchi hadi robo tatu mpaka zibaki sentimita 15 kufikia juu, kunja kitambaa juu yake, malizia kwa mchanga mkubwa. Kwa ukuta wa mita 12 na kina cha sentimita 80 utahitaji mita za ujazo 3 hivi za kokoto. Kitambaa kikikosekana, weka tabaka la mchanga mkubwa kati ya udongo na kokoto pande zote. Bila kichujio, udongo wetu mwekundu huziba mtaro kwa misimu miwili mitatu.

Mwisho wa bomba lazima uonekane, utoke kwenye hewa. Siku ya mvua kubwa nenda ukautazame. Kama hautoi maji, mteremko umekosewa au mtaro haukufika kina cha maji.

Kati ya mtaro huo na ukuta mwaga sakafu ya zege yenye kuinamia nje, sentimita 5 kwa kila mita, na udongo wa nje ubaki sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Matone ya mvua yanayoruka kutoka kwenye udongo hulowesha ukuta hadi kimo cha sentimita 30 au 40, na msingi uliolowa ndio unaowaita mchwa. Pengine nyumba yako haikuwekewa tabaka la nailoni juu ya msingi, lile mafundi huliita DPC. Inawezekana kulichomeka baadaye kwa kutoa kozi moja ya tofali kipande kwa kipande, lakini ni kazi ya hatari na ya gharama, na kwa nyumba iliyo mteremkoni nisingeigusa kabla ya kuona mitaro imefanya kazi msimu mzima.

Sasa upande wa ndani. Nakusihi usimruhusu fundi apige lipu ngumu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha rangi ya mafuta. Maji hayataondoka. Yatapanda juu ya lipu hiyo na kutokea mita moja na nusu badala ya nusu mita. Bandua lipu yote iliyooza hadi sentimita 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Ifagie chumvi ikiwa kavu, ikusanye, itupe. Usiioshe kwa maji, itarudi ndani. Acha matofali wazi kiangazi chote. Ukuta hukauka polepole, kama mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na ni afadhali uonekane mbaya kwa miezi kadhaa kuliko kupaka upya kila mwaka. Baadaye piga lipu ya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, na juu yake chokaa au rangi ya maji isiyong'aa. Hizo zinaruhusu ukuta kupumua. Usipake kabla kipande cha nailoni hakijakaa saa 48 bila tone nyuma yake.

Dari, kwa kifupi

Doa likitokea mvua inapopiga, ni bati linalovuja au msumari uliolegea. Likitokea asubuhi ambayo usiku wake haukunyesha, bati limetoa jasho. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa, mvuke uliokwama darini unageuka matone upande wa chini na kudondokea jipsamu. Toboa matundu ya hewa kwenye kuta za pembe tatu, pande zote mbili za nyumba. Jumla ya uwazi iwe moja ya mia na hamsini ya eneo la dari: kwa mita za mraba 90 ni mita za mraba 0.6. Funga wavu wa chuma, la sivyo popo watahamia. Feni ya kutolea hewa ya bafu au jiko isiishie darini, itoke nje kabisa.

Kufungua madirisha kwa saa za Kigoma

Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, magharibi. Usiku hugeuka na kushuka kutoka milimani, mashariki. Wavuvi wa Kibirizi wanaujua kuliko yeyote. Kwa vyumba visivyo na AC, dirisha moja likiwa wazi halitoshi: upepo uingie upande mmoja, utokee mwingine, na milango ya ndani iwe wazi au iwe na matundu juu yake. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo hesabu nusu ya ukubwa wake.

Kuna saa moja ya kuangalia. Mchana wa joto zito kabla ya mvua, hewa yenye nyuzi 28 na asilimia 75 ikigusa marumaru yenye nyuzi 22, sakafu inalowa kama imepigwa deki. Hapo washa pangaboi, kunja mazulia, usipige deki siku hiyo. Anayehifadhi dagaa ndani ayaweke magunia juu ya chaga, sentimita 10 kutoka sakafuni na ukutani. Dagaa waliokaushwa vizuri kichanjani huharibika sakafuni kwa saa kama hizo.

Kamwe msiingize jiko la mkaa ndani "kukausha baridi". Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi nalo halikaushi: kila kilo ya gesi inayoungua hutoa kilo 1.6 hivi za maji kama mvuke. Wakati wa kupika fungua dirisha la jikoni, funga mlango wa kuelekea sebuleni.

Mkaa, chumvi na mashine

Chumvi huanza kuvuta maji hewa inapopita asilimia 75. Ikivuta, inadondoka na kula bawaba na mbao. Iondoe. Mkaa hupunguza harufu kidogo, lakini hujaa haraka na unahitaji kuanikwa juani kila mara. Visanduku vya kalsiamu kloraidi vinavyouzwa kwa ajili ya makabati hufanya kazi kweli, mradi kabati linafungwa sawasawa. Kabati lenye mashimo niliyokueleza halivihitaji. Maji yanayokusanyika humo huunguza ngozi na kuharibu nguo, yasifikiwe na watoto.

Ukungu uliokwisha kuota usiufute ukiwa mkavu, utausambaza. Vaa barakoa na glovu, lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, futa, kausha kwa feni. Jiki inafaa kwenye marumaru, si kwenye ukuta wa lipu, na isichanganywe na siki wala dawa ya choo, kwa sababu hutoa hewa ya klorini. Viatu vya ngozi vifutwe kwa siki na maji nusu kwa nusu, vikauke kivulini. Kama kuna mtoto mwenye pumu, asiwepo siku ya usafi.

Na mashine? Fanya gata, AC na kabati sasa, mitaro kiangazi. Kisha subiri hadi Januari na usome kipima chumbani kwa watoto asubuhi kwa wiki mbili. Kikikaa chini ya 70 na nguo hazinuki, hukuihitaji. Kikizidi hapo wakati matundu yako wazi na ukuta wa nyuma umekauka, nunua yenye kompresa. Zile ndogo za mezani zisizo na kompresa hutoa chini ya nusu lita kwa siku, hazifai. Lita zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 30 na asilimia 80. Kwa nyuzi 26 na asilimia 60 tarajia nusu yake, kwa hiyo kwa chumba kama hicho chukua ya lita 12 hadi 16. Ifanye kazi madirisha yakiwa yamefungwa, iwekwe asilimia 60, na ujue inaongeza joto chumbani. Mashine ya wati 250 kwa saa 10 hula uniti 2.5 kwa siku, yaani 75 kwa mwezi, na hicho ndicho kikomo cha mwezi cha kundi la D1 la TANESCO, lile la wateja wa matumizi madogo. Kama uko kwenye kundi hilo, mashine hiyo peke yake itakumaliza uniti zote.